Vidole, mkasi au kamba: njia ipi itajaza kichaka chako cha maua?

Ukitoka kitaluni na mche wa hibiskasi au bogonvilia, mara nyingi unachobeba ni fimbo yenye majani. Shina moja, labda mawili, limenyooka kama mlingoti, na juu kabisa kuna ua moja lililokushawishi ununue. Miezi mitatu baadaye fimbo imerefuka, chini ni kweupe, na maua ni yale yale mawili matatu ya kileleni ambayo huyaoni mpaka uinue shingo.

Njia za kuigeuza fimbo hiyo iwe kichaka ni tatu: kunyofoa ncha kwa vidole, kukata kwa mkasi, na kuinamisha matawi kwa kamba. Ya nne ni kukiacha kama kilivyo, na si ya kudharau. Zote nimezipitia, na jibu langu nalitoa mapema ili usihangaike kulitafuta: kwa kichaka ambacho hakijamaliza mwaka wake wa kwanza, vidole vinashinda, isipokuwa katika hali chache nitakazozitaja. Mbolea, ambayo ndiyo watu huikimbilia kwanza, naiweka nyuma kabisa.

Kwa nini kinakimbilia juu

Tazama kwapa la jani lolote, pale kikonyo kinapoungana na shina. Kuna kijicho kidogo pale. Hilo ni tawi lililolala. Linalala kwa sababu ncha iliyo juu yake hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka shinani na kuyafanya macho ya chini yasiamke. Miaka ya 1930 watafiti walikata ncha za mimea ya jamii ya maharage, wakapaka oksini kwenye kidonda, na macho ya pembeni yakaendelea kulala kana kwamba ncha ingalipo. Baadaye ilionekana kwamba oksini haifanyi kazi hiyo peke yake. Mizizi nayo hupandisha homoni za kuamsha, na sukari iliyokuwa ikinyonywa na ncha hugeukia macho mara tu ncha inapoondoka.

Kwa mtu wa bustani yanatosha mambo mawili. Ondoa ncha, macho yataamka. Na macho yatakayoamka kwa nguvu ni yale yaliyo karibu na pale ulipokata, si yale ya chini kabisa. Hilo la pili ndilo wengi hulisahau, na ndilo linaloamua kama utumie ukucha au chuma.

Kama unataka ushahidi wa macho, fikiria shamba la chai. Mchai ukiachwa huru huwa mti wa mita kadhaa. Ule uwanda wa kijani unaofika kiunoni ni miti iliyochumwa ncha bila kupumzika mpaka ikakubali kuwa vichaka.

Vidole

Shika chipukizi kati ya ukucha wa kidole gumba na kidole cha shahada. Tafuta jozi ya juu kabisa ya majani yaliyokwisha kukunjuka, kisha bana juu yake tu, karibu sana, bila kuacha kisiki. Chipukizi likiwa changa sawasawa huvunjika kwa mlio mdogo, tik, na ukucha unabaki na majimaji ya kijani. Likipinda badala ya kuvunjika, limeshakomaa; usilikwanyue, chukua mkasi. Unachoondoa ni sentimita moja au mbili. Utaona umefanya kazi ndogo mno, utatamani kuongeza. Usiongeze. Kukiwa na joto na maji ya kutosha, baada ya siku kumi hivi utaona kwapani mwa majani ya juu vijicho vimevimba, vikubwa kama punje ya mtama. Wiki nyingine moja au mbili, hayo ni matawi.

Subiri kila tawi jipya lipate majani matatu manne yaliyokomaa, kisha nyofoa tena. Kwenye karatasi hesabu ni tamu: moja linakuwa mawili, mawili yanakuwa manne, mzunguko wa nne una matawi kumi na sita. Bustanini hesabu haitimii hivyo, kwa kuwa tawi moja hukua kwa kasi na jingine hudorora. Ndiyo maana mimi sinyofoi yote siku moja. Naanza na yanayotangulia, nawaachia wanyonge wafikie.

Uzuri wa vidole ni kwamba mmea haupotezi karibu chochote. Majani yote yanayoutengenezea chakula yanabaki, kidonda ni kidogo kama nukta, na hata ukikosea umekosea sentimita mbili. Ubaya wake ni kusubiri maua. Kwa kichaka kinachochanua kwenye machipukizi mapya, ncha unayoitupa ndipo ua lilipokuwa likielekea kutokea. Kwa hibiskasi, tangu kunyofoa kwa mwisho mpaka kuchanua vizuri, hesabu miezi miwili hadi mitatu. Kama kuna siku unayotaka kichaka kiwe kimechanua, rudi nyuma kiasi hicho kwenye kalenda, na tangu siku hiyo vidole vyako vikae mfukoni.

Niliwahi kupanda vipandikizi viwili vya hibiskasi kutoka mmea mama mmoja, hatua chache mbali. Kimoja nilikinyofoa mara nne, kingine nikakiacha. Kile nilichokiacha kilichanua kwanza, na waliopita walikisifia hicho. Ilibidi ninyamaze. Msimu wa pili nilihesabu ncha: upande mmoja zaidi ya ishirini, upande wa pili tano.

Mkasi

Sasa ile hali ambayo vidole havitoshi. Umeletewa mche wa mita moja, nusu yake ya chini haina jani. Ukinyofoa ncha, yataamka macho ya karibu na ncha, yaani kule juu kwenye mita moja. Utapata mwavuli: mguu mtupu na kishungi. Hapa hakuna namna, shuka na mkasi mpaka sentimita ishirini au thelathini kutoka ardhini, uache macho matatu manne tu. Hata pasipo majani, macho yapo. Tafuta makovu ya majani yaliyopukutika, kama vipete vilivyozunguka shina au alama ya nusu mwezi. Kata kimshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lielekee nje na katikati ya kichaka pabaki wazi kwa hewa.

Hibiskasi, bogonvilia, lantana na mawaridi mengi huvumilia ukatili huo. Lavenda na rozimeri hazivumilii. Ukizikata mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, mara nyingi hazichipui tena pale. Hizo ni za kupunguza kidogo kidogo, daima ndani ya sehemu yenye kijani.

Lakini usikate hivyo mche uliopandwa juzi. Majani machache ulio nayo ndiyo jiko linalopika chakula cha mizizi mipya. Ukiyaondoa, mizizi inalala njaa. Subiri uone majani mapya yakitoka na shina likisukumwa lisicheze udongoni, kisha kata msimu wa kukua unapoanza, iwe ni mvua zinaingia au baridi inaondoka. Kama mmea unaonekana dhaifu, gawa kazi: theluthi moja sasa, zaidi baadaye.

Mkasi uwe mkali, na uupanguse kwa spiriti ukihama kutoka mmea hadi mmea. Kupaka rangi au lami kwenye kidonda ni kazi bure. Alex Shigo, aliyetumia miaka mingi kupasua miti na kuchunguza vidonda vyake akiwa katika idara ya misitu ya Marekani, alionyesha kwamba mti hujijengea wenyewe kuta za ndani za kuzuia uozo, na rangi haisaidii.

Kuna mkasi mwingine, ule mrefu wa mikono miwili wa kunyolea uzio wa mimea. Huo kwa kichaka kichanga cha maua siupendekezi. Unanyoa ncha zote kwa usawa, kichaka kinavaa koti la majani nje huku ndani ni vijiti vitupu, na ncha zenye maua zinaondoka kila unaponyoa. Kama umbo la kunyolewa ndilo unalolitaka, basi fanya chini pawe papana kuliko juu, jua lifike mpaka kwenye matawi ya miguuni. Ukifanya kinyume, chini patakuwa na upara.

Kamba

Hii haizungumzwi sana, na kwa mimea fulani inazishinda zote mbili. Tawi lililosimama wima hupeleka nguvu kileleni. Likilazwa, ile amri ya ncha hulegea, na macho yaliyo upande wa juu wa tawi huamka kwa safu. Kwa waridi linalotambaa tofauti ni kubwa: tawi lililofungwa wima huchanua juu tu, lililolazwa karibu na usawa wa ardhi huchanua urefu wake wote. Bogonvilia na asumini navyo hukubali.

Chagua tawi lililo bado laini, liinamishe pole pole kwa siku kadhaa badala ya mara moja, kisha lifunge kwa kitambaa au kamba laini kwenye vigingi vilivyochomekwa ardhini au kwenye uzio. Usitumie waya, kwa kuwa shina linanenepa nao unalikata. Baada ya wiki chache macho yakishakuwa vitawi, unaweza kulegeza. Faida yake kuu ni kwamba hupotezi chochote, wala ncha wala majani. Hasara ni nafasi: kichaka kinapanuka kabla ya kujaa, na katika kona nyembamba hakitakuwa na pa kwenda. Tena shina gumu la hibiskasi likilazimishwa hupasuka pale linapoungana na shina kuu, na huo ufa hautengenezeki.

Au kukiacha

Kuna vichaka vilivyozaliwa vifupi na vyenye matawi mengi, kama azelia nyingi na aina za hibiskasi za kimo kidogo. Hivyo ukivisumbua unajisumbua. Na mmea wowote uliotoka kuhamishwa, ulioshambuliwa na wadudu au uliokaukiwa maji, uache upone kwanza.

Tumba linakaa wapi?

Kabla hujachagua lolote kati ya hayo, jibu swali hili, kwa maana ndilo litakalokuponyesha na mwaka mzima bila ua. Vichaka vya maua viko vya makundi mawili. Kundi la kwanza hutoa maua kwenye machipukizi ya msimu huu huu: hibiskasi, bogonvilia, lantana, na mawaridi mengi ya kisasa. (Bogonvilia, kwa njia, hicho cha rangi tunachokisifia ni majani, maua yake halisi ni yale madogo meupe ya katikati.) Kundi hili halijali sana ukate lini, bora mmea upate muda wa kuchipua tena.

Kundi la pili hutengeneza matumba yake mapema, kwenye matawi yaliyokua msimu uliopita, kisha huyabeba miezi na miezi kabla ya kuchanua. Humo mna azelia, kamelia, na haidrenjia ile ya majani mapana na mashada ya duara, Hydrangea macrophylla. Ukikata hizi muda mfupi kabla ya msimu wao umekata maua yote, hata kama hukuyaona. Wakati wake ni mmoja: mara tu baada ya maua kunyauka. Jirani yangu alisafisha haidrenjia yake vizuri kabisa mwishoni mwa baridi, vijiti vyote vikawa sawa kama meno ya kitana. Ikaota majani makubwa ya kupendeza, na mwaka ule haikutoa hata shada moja. Alidhani ni ugonjwa. Ajabu ni kwamba ndugu yake, Hydrangea paniculata, anachanua kwenye machipukizi mapya na angeshukuru kukatwa hivyo hivyo. Kwa hiyo jina la kitaluni lililoandikwa "haidrenjia" halitoshi. Uliza ni ipi.

Kama hujui kichaka chako ni cha kundi gani, usiguse chochote kwa msimu mmoja. Maua yakitokea, fuata tawi lake kwa macho: je, limetoka kwenye sehemu laini ya kijani iliyoota juzi, au limekaa juu ya mti wa kahawia wa mwaka jana?

Kwa kundi hili la pili vidole bado vinafaa, ila dirisha ni dogo. Nyofoa machipukizi yanayotoka baada ya kuchanua, mara moja au mbili, kisha acha kabisa ili matawi yakomae na kuweka matumba.

Samadi au mbolea ya dukani?

Nilisema mbolea naiweka nyuma, na sababu ni hii: mbolea haigawi matawi. Inakuza matawi yaliyopo. Ukiilisha fimbo, unapata fimbo ndefu.

Mfuko wa mbolea ya viwandani una namba tatu, daima kwa mpangilio ule ule: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kwa asilimia ya uzito. Urea, kati ya hizo tatu, ina naitrojeni peke yake, asilimia 46, na kwa kichaka cha maua ni mwaliko wa majani. Naitrojeni ikizidi, bogonvilia inarefuka na kunawiri bila kuchanua. Ukweli ni kwamba yenye namba zinazolingana, au yenye namba ya kwanza isiyozidi ya tatu, inatosha kabisa, na kwa mche mdogo nusu ya kipimo cha kwenye mfuko ni salama zaidi kuliko kipimo kizima. Zile zinazouzwa kwa jina la kuchanulisha, zenye namba ya katikati kubwa kupita kiasi, mimi sizinunui. Fosforasi ikirundikana udongoni huzuia mmea kupata chuma na zinki.

Samadi iliyooza vizuri na mboji hutoa kidogo kidogo, na hufanya jambo ambalo mfuko hauwezi: hulegeza udongo mzito na kuufanya udongo wa mchanga ushike maji. Kwa kichaka kilicho ardhini nachagua hiyo, tabaka la sentimita mbili tatu kuzunguka shina bila kuligusa, kisha matandazo ya majani makavu juu yake. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi michanga. Iache ioze miezi kadhaa. Kwa kichaka kilicho kwenye chungu nageuza shauri: udongo ni mchache, maji huosha virutubisho kila unapomwagilia, na hapo mbolea ya kuyeyusha, nyepesi na ya mara kwa mara, ni rahisi kuipima.

Jivu la jikoni nalo watu hulipenda. Lina potasiamu kweli, lakini hupunguza asidi ya udongo. Likiwa kidogo, hibiskasi haitalalamika sana. Azelia, gadenia na kamelia zitageuka manjano katikati ya mishipa ya majani, kwa sababu chuma kipo lakini hakifyonzeki tena. Haidrenjia ya buluu itaanza kugeuka rangi ya waridi.

Jua, kabla ya yote

Pima umbali kati ya jani na jani kwenye shina. Pingili zikiwa ndefu, majani yamepishana mbali na shina limeinamia upande mmoja, hicho kichaka kinatafuta mwanga. Hakuna ukucha, mkasi wala kamba itakayokijaza. Utanyofoa na kitarefuka tena vile vile. Hibiskasi, bogonvilia na mawaridi yanahitaji saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku, na bogonvilia ingependa zaidi. Azelia, kamelia na haidrenjia zinaridhika na jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Hamisha chungu, au punguza tawi la mti unaokifunika, ndipo urudi kwenye uchaguzi wetu.

Kwenye maji tofauti ni ndogo: mwagilia kwa kina na kwa nafasi, si kunyunyiza kila jioni. Bogonvilia iliyokwisha kushika mizizi uiache udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na utaona inachanua vizuri zaidi kuliko ile inayolewa maji.

Jambo moja la mwisho linaloupa mkasi alama ambazo vidole havina. Ncha uliyoinyofoa kwa ukucha ni laini mno, hunyauka kabla ya kuota mizizi, nami huitupa kwenye mboji. Lakini shina la hibiskasi au bogonvilia ulilolishusha kwa mkasi likate vipande vya sentimita kumi na tano, kila kimoja kiwe na macho matatu au zaidi, uondoe majani ya chini, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, mahali pa kivuli. Kumbuka kuweka alama upande wa juu wakati wa kukata, maana kipande kilichopandwa kichwa chini hakioti, na vikishakauka kidogo mezani vyote hufanana.